Kitufe cha Katikati

Mmeniganda na habari ya gari la Verna tangu asubuhi, kana kwamba sina nguo za kuanua. Haya, kaeni, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi. Ilikuwa Indiana, kule Marekani, miaka ile magari yalipoota mapezi kama samaki na kupakwa rangi za keki, kwenye benchi la kituo cha petroli cha mji wa Tilden. Wanaume watatu na birika la kahawa: Lonnie, waliyemwita Bawaba kwa sauti yake ya mlango mkavu, Orval, Askofu, kwa sababu ya matusi, na Delbert, Profesa, aliyejua kila kitu. Mwenye kituo alikuwa ametoka kukata simu. Akarukia gari la kuvuta, akawapigia kelele dirishani: gari jipya la Verna limeteremka mlima wa ghala la mahindi bila dereva, na mtoto wake, Joylene, yumo ndani.

Profesa akaweka kikombe chini.

— Bila dereva? — Bawaba akauliza. — Lile la gia za vitufe?

— Lile lile, — Askofu akasema. — Unabonyeza kama unaita lifti.

— Mimi nilisema. Farasi mia mbili chini ya boneti, kwa mama anayekwenda kununua maziwa. Wamechoka kusubiri.

— Si farasi, bwege wee. Ni lile jicho la umeme linalopunguza taa lenyewe. Gari likipewa jicho, litaona. Likiona, litataka kwenda.

— Na vioo vyake ni vya umeme, — Bawaba akasema polepole. — Mtoto atatokaje?

Askofu akawainamia wenzake.

— Warusi, — Askofu akanong'ona. — Wanaliendesha kwa redio. Profesa, mbona kimya? Si wewe uliyemfundisha shemeji yako?

— Nilimwonyesha redio tu.

Kaka yake Delbert, mume wa Verna, alikuwa safarini na treni, kwa hiyo Jumamosi iliyopita yeye ndiye aliyekaa kando ya Verna, akatafuta kitufe cha kuegeshea, asikione. Hakikuwapo, gari lile lilishikwa na breki ya mkono tu. Kitabu cha gari kilikuwa mbele ya magoti yake, lakini mwanamume wa Tilden hafungui kitabu cha gari mbele ya mwanamke. Akasema, bonyeza hiki cha katikati, litatulia. Kumbe hicho ndicho cha kuachia gia, gari libaki huru kuteremka.

Verna akatokea barabarani kwa miguu, kiatu kimoja, gauni limejaa tope. Askofu akavua kofia.

— Joylene je?

— Daktari amemchukua. Mguu umevunjika. — Hakuwa akilia. Akamgeukia Delbert. — Shemeji, kile kitufe cha katikati, kinashika gari hata mlimani?

Bawaba akatazama ndani ya kikombe chake.

Verna hakutaka pole wala maua. Alitaka mgongo wa Delbert. Majira yote ya baridi Delbert alimbeba Joylene kwenda shule na kurudi, theluji magotini. Kila walipofika mteremko wa ghala, mtoto alimkaba shingo kwa mikono yote miwili hadi pumzi ikate, naye hakuthubutu kumwambia alegeze.