Simu Nilizima kwa Meza ya Karata

Bandugu na badada wa kikundi yetu, munivumilie kidogo. Bibi yangu, mwenye nilioa, amekaa pale nyuma. Yeye ndiye aliniambia nisimame leo.

Mi nilikuwa nafanya pikipiki Lulimba, nabeba bachimbaji wa dhahabu. Kama hakuna muteja, tunacheza pokeri nyuma ya duka, mchana kweupe. Kwa meza yetu mise, ile feza ya kuweka kila mara, ilikuwa moja tu, hakuna muntu wa kuipandisha vile anataka. Ni hiyo ilinidanganya, kila karata ilionekana bei kidogo. Na mchezo niliujua, siwafichi. Nikikosa karata moja, nauliza: zimebakia ngapi za kunisaidia? Feza iko kwa meza inafaa hatari? Haifai, natupa. Inafaa, nangoja. Benzangu balikuwa bananiita mwalimu.

Siku moja nilikuwa na karata ine za moyo, nakosa ya tano. Simu ikalia. Bibi yangu, kutoka Lubondja.

“Tumbo ya kuzaa imeanza. Kuja unifikishe hospitali kule Fizi.”

“Niko njiani,” nikasema.

Nilikuwa nimekaa. Hesabu ilisema ngoja, nikazima simu, nikangoja. Ndugu zangu, nawaambia, ile karata ya tano ilikuja! Nilishinda, nikapiga kelele ya furaha. Kisha nikacheza ingine.

Majirani bake balichoka kuningoja, bakamubeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubeba ku mabega. Nilibakuta njiani. Mutoto wetu, binti, alikuwa ameshazaliwa kando ya barabara. Hakulia. Mama mukunga alikuwa anamupangusa tu, polepole, kama vile angeamuka.

“Network ilikatika,” nilisema.

Bibi yangu aliniamini. Hata alinitetea kwa mama yake: “Usimulaumu, alikimbia sana.” Miezi mingi nilikula chakula chake na hayo maneno. Karata niliacha, lakini haikunipa usingizi. Asubuhi moja nikamusikia anaomba: “Asante Mungu kwa bwana ulinipa.” Nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliuliza kitu moja.

“Ulishinda?”

“Ndiyo.”

Akakunja nguo zake, akaenda kwao.

Asante kwa mama mukwe. Alinifungulia mulango bila kunipa mukono, lakini alinifungulia. Asante kwa yule mukunga, alienda kuniombea musamaha kwa bibi yangu mara tatu. Na nyinyi hapa Baraka, mulinisikiliza wakati mi mwenyewe nilikuwa najichukia. Bibi alirudi kisha mavuno mbili kupita. Kama amenisamehe, sijui. Simuulizi.

Nyinyi bavijana munaocheza, hesabu yangu siku ile ilikuwa ya kweli. Lakini nilihesabu vitu viko juu ya meza tu. Muntu mwenye alikuwa ananingoja na uchungu, sikumuhesabu. Kama kuko muntu anakungoja, tupa hizo karata, hata kama ni nzuri. Simama, uende.

Binti yetu tulimuzika bila jina. Wiki hii bibi yangu alimupa moja. Ameniomba nisilitaje hapa, ni ya sisi wawili tu.