Baridi ya Uthiru

"Elfu tisini ya kuweka AC?" Naliaka alipaza sauti, foleni nzima ya matatu za kwenda Uthiru ikageuka, nani angeacha habari kama hiyo impite? Njambi, jirani yake, akamvuta mkono. "Pole pole, Mama Bramwel. Binti yangu Kui ndiye ameziomba; ana mimba ya miezi minane, na huko Mombasa analala sakafuni kwa sababu ya joto."

"Si aje ajifungulie kwako! Baridi ya Uthiru ni ya bure."

"Amekataa. Eti nani atampikia bwana yake?"

"Basi aje na bwana!"

Foleni ikacheka, Njambi pia, huku akifuta macho. Pesa alikuwa nazo. Alichotaka ni binti yake aje nyumbani. Walipanda matatu, wakashuka Uthiru bado wakibishana, hadi Njambi akafungua geti. "Ingia tule, halafu umpigie Kui simu wewe. Mimi amenishinda."