Sensa Aliyoifunga Ndugu Yenu

Sogezeni viti, wanangu, mkae karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena na maneno haya sina nguvu ya kuyarudia. Wewe mwanangu wa kwanza, weka hiyo dawa mezani, nitainywa nikimaliza. Wewe kitinda mimba wangu, funga dirisha, vumbi linanikaba. Nesi amesema nisiongee sana, nami nimemwitikia, ndiyo mama, lakini miaka sita nimekuwa nikimwomba Mungu anipe ujasiri wa kusema jambo moja, na kila aliponipa niliupoteza kabla sijafika kwenu. Nikiupoteza na leo, nitakwenda nalo kaburini, na huko nitamkuta mama yenu.

Ya mali ni mafupi, acheni niyatangulize. Nyumba hii ni yenu wote watatu, na asitokee wa kumtoa mwenzake. Kitinda mimba aendelee kukaa humu kwa kuwa ndiye asiye na kwake. Kile kiwanja cha karibu na shule ni chako wewe, mwanangu wa kwanza, maana ndiwe uliyekilinda walipotaka kukimega. Gereji, pamoja na mashine ya kuchomelea, jeki mbili na kabati la spana, ni ya ndugu yenu. Naona umekunja uso. Ulikunja vivyo hivyo siku tuliyotoka kumzika mama yako. Subiri kwanza, usiondoke.

Mnalikumbuka gari la mama yenu, lile la rangi ya maziwa, nililolinunua likiwa limeshachoka mikononi mwa watu wengine. Waliolitengeneza waliacha zamani kutengeneza spea zake. Mwili wake ulikuwa mzima na injini ilikuwa na nguvu, ila sensa yake ndiyo iliyokuwa inatusumbua: kidude kama kidole gumba, kimechomekwa ubavuni mwa injini, kina waya wake, na kazi yake ni kuusoma mzunguko wa injini ili cheche itoke kwa wakati. Sensa hiyo ikifa, injini inazimika kama mtu aliyezimia, na hata ukipiga stata mpaka betri ilale, hupati kitu. Ubaya wake ni kwamba ikizeeka haifi mara moja. Gari likiwa baridi linawaka vizuri kabisa. Injini ikipata moto, linazima. Ukiliacha lipoe, linawaka tena kana kwamba lilikuwa linakutania. Nimefundisha mafundi wengi, na hakuna niliyemwacha aondoke bila kumwambia kwamba sensa haipimwi injini ikiwa baridi.

Ndugu yenu aliitafuta nyingine kwa miezi minne. Aliitia ile ya zamani mfukoni mwa shati kama sampuli kila Jumapili tukitoka kusali, akazunguka maduka yote ya spea na viwanja vyote vya machuma chakavu. Alirudi na moja ambayo soketi yake haikuingia. Akarudi na nyingine iliyoingia, lakini ilikuwa fupi kwa upana wa ukucha, injini ikawa inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Yule mama muuza spea wa pale kona alimwambia, "Fundi Mdogo, gari lenu hili lingekuwa mtu, saa hizi linapanga foleni ya pensheni." Mama yenu alipohadithiwa alicheka mpaka kifua kikambana, tukamkimbizia kipuliza chake cha pumu.

Ndipo ndugu yenu akasikia kuna mjane mmoja ana gari la aina ileile nyuma ya nyumba, limebondeka kwa nyuma tangu mumewe alipokufa. Yule mama hakutaka kabisa liguswe. Ndugu yenu hakubishana naye. Aliliona geti lake linaburuta chini, akaomba alitengeneze, akalitengeneza. Wiki iliyofuata akaenda kumtazamia pampu ya maji. Mara ya tatu yule mama mwenyewe alimwambia, chukua hicho kidude chako, mume wangu angekupa. Aliifunga siku hiyohiyo. Kisha alipanda na gari mlima saa nzima jua likiwa kali, akalizima, akaliwasha papo hapo likiwa linatoa joto, akafanya hivyo mara tano. Mimi nilikuwapo. Aliporudi alimpa mama yenu ufunguo mkononi akamwambia, "Mama, sasa hili litakufikisha." Ile ya zamani, iliyopasuka na yenye doa la rangi nyekundu, aliitupa kwenye kopo la vyuma vibovu pale gereji.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Nipeni maji kidogo.

Wiki mbili baadaye alikuja mwalimu mkuu mstaafu, mnamjua, gari lake na letu ni pacha. Lilikuwa linazima kila likipata moto, naye kesho yake alikuwa anampeleka binti yake kuolewa mbali. Ndugu yenu alikuwa ametoka. Nilipaswa kumwambia mwalimu kwamba spea hiyo haipatikani. Lakini watu walikuwa wamekaa pale kwenye benchi, na mmoja akasema kwa kunichokoza, hili leo limemshinda mzee. Wanangu, nilikuwa nimezeeka, kazi kubwa zote alikuwa anazifanya mwanangu, na neno lile lilinichoma kuliko lilivyostahili. Nikamwambia mwalimu arudi jioni. Nikafungua boneti ya gari la mama yenu, nikaitoa sensa nzima, nikamfungia mwalimu. Halafu nikainamia kopo, nikaichukua ile iliyopasuka, nikaisafisha kwa petroli, nikairudisha mahali pake. Nikapiga stata. Gari likawaka mara moja. Lilikuwa baridi.

Nilijiambia mama yenu haendi mbali, sokoni na kusali tu, injini haitapata muda wa kuchemka. Nilijiambia nitatafuta nyingine kabla Fundi Mdogo hajajua, mimi niliyeona kwa macho yangu kwamba kuipata ile moja kulichukua miezi minne. Nilikula naye chakula jioni ile na sikumwambia.

Siku ya tisa kifua kilimbana mama yenu, na kipuliza hakikusaidia. Kitinda mimba, wewe ndiwe uliyemweka garini. Barabara ya hospitali ilikuwa inachimbwa, mkakaa kwenye foleni adhuhuri injini ikiunguruma, na pale katikati gari likazima. Ulinipigia simu unalia. Unakumbuka nilikuambia nini? Nilikuambia fungua boneti, tafuta kidude chenye doa jekundu, kimwagie maji. Miaka yote hii hukujiuliza nilijuaje kwamba kina doa jekundu. Maji uliyokuwa nayo ni yale ya mama yako ya kunywa, ukayamwaga yote, na gari likawaka, lakini mlipofika hospitali walikwambia mmechelewa kumfikisha. Umekuwa ukiniambia kwamba unaota ile chupa. Ulifanya nilichokuagiza, mwanangu. Uliendesha vizuri. Huna kosa hata la ukubwa wa punje, na Mungu anisikie ninaposema hivyo.

Baada ya mazishi wewe mwanangu wa kwanza ulimsimamisha ndugu yako uani mbele ya watu. Ulimwambia ametutia msiba kwa uvivu wake. Akajibu, "Dada, mimi nilifunga nzima." Mkaenda kufungua boneti, na wote mkaiona ile mbovu na ufa wake. Ukanigeukia ukaniuliza, "Baba, aliifunga au hakuifunga?"

Nami nikasema, "Si mnaona wenyewe."

Maneno matatu. Nimesali kila siku tangu siku ile na sijawahi kupata usingizi mzima. Yeye aliitazama ile sensa, akanitazama mimi. Funguo za gereji zilikuwa mbili, mmoja wake, mmoja wangu. Alielewa hapo hapo. Angeweza kusema. Alishusha boneti taratibu kama mtu anayefunika kitu cha heshima, akaingia ndani, akachukua nguo zake. Mkamwita muuaji na mwongo, naye akayabeba majina yote mawili ili baba yake asiaibike mbele ya watu. Tangu hapo anatengeneza pampu za watu katika mji wa ugenini, na salamu zake zinanifikia kwa kupitia kitinda mimba, anauliza, baba hajambo, anakula?

Sasa sikieni ninayowaagiza, maana pumzi inakwisha. Mwalimu mkuu msimguse wala msimdai ile sensa. Yeye hakujua kitu. Gari lake hupita hapa nje, nami nautambua mlio wake kila linapopita, na hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu yangu. Gari la mama yenu mwachieni ndugu yenu, alivunje au alifufue, hiari ni yake. Wewe mwanangu wa kwanza, wakusanye wote waliokuwapo uani siku ile, hata yule aliyenichokoza, uwaambie kama nilivyokuambia, usinipunguzie. Msiseme mzee alikuwa anaumwa, hakujua anachosema. Nilijua. Na nikifa, msinilaze karibu na mama yenu mpaka ndugu yenu aridhie. Akikataa, nilazeni mbali, na msimlaumu.

Mungu awaweke pamoja. Awape macho ya kuonana nyinyi kwa nyinyi kama mlivyokuwa mama yenu akiwa hai. Mwanangu wa kwanza, akulainishe moyo bila kuuvunja. Kitinda mimba, akupe usingizi. Na yule aliye mbali, muda huu huu mpigieni simu, mmwambie kwamba baba amesema…

Unasemaje, kitinda mimba? Njoo karibu, sikio hili halisikii. Lia, mwanangu, una haki ya kulia, lakini sema nikusikie.

"Mwambie mwenyewe, baba," unasema. Ndiyo. Una haki. Hata sasa nilitaka nyinyi ndio mnisemee, nijifiche nyuma yenu, kama nilivyojificha siku ile.

Piga basi. Inaita? Iweke hapa sikioni, mkono haunyanyuki. Ishike… ishike vizuri.

Halo. Fundi Mdogo. Ni baba. Hapana, usikate… usikate, mwanangu. Dada yako yupo hapa, na mdogo wako, wote wawili wananisikia. Ulifunga nzima. Ulifunga nzima, mwanangu, na mimi… mimi ndiye niliyeitoa.