Mikono Mitupu ya Kaka Yetu

Ndugu, jamaa, wafanyakazi wenzake na wakuu wa idara mlioketi mbele: mimi ni mdogo wake marehemu, na nimepewa dakika tano.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, wa tatu kati ya watoto saba wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na nyumbani akamaliza mwaka 1983. Sekondari aliishia kidato cha pili, baba alipopooza.

Tarehe 4 Juni 1990 aliajiriwa kuwa mhudumu wa zizi katika idara ya tiba ya mifugo ya chuo kikuu. Kazi yenyewe, samahanini, inatia kinyaa. Ng'ombe akizaa, kondo la nyuma likagoma kutoka, linaozea humo humo tumboni, na mtu huingiza mkono mpaka begani kulibandua. Kaka aliingiza wake mtupu kwa miaka thelathini na miwili. Na glavu ndefu zilikuwepo, jamani! Zilifungiwa kabatini, zikatolewa siku za ukaguzi tu. Wakaguzi wakipanda gari, zinarudi kabatini.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1996. Asubuhi hiyo hiyo aliitwa zizini. Akasugua mkono kwa sabuni ya kufulia, kwa ndimu, kwa majivu, wapi! Wifi yangu alivishwa pete akiwa amebana pumzi. Mpaka leo anasema, "Mimi nilidhani ni viatu vya msimamizi."

Homa ilianza mwaka 2019. Inakuja, inaondoka, jasho linalowesha godoro, viungo vinauma. Kazini wakamwambia, "Mzee, umri huo." Zahanati wakampa dawa za malaria mara sita. Februari mwaka huu wa 2023 akalazwa. Mwanafunzi mmoja wa idara alikuja kumwona, akaangua kilio. Akatuambia kuwa kuna somo la ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, ambao huambukiza watu. Katika somo hilo mwalimu huonyesha picha ya kaka, mkono mtupu ndani ya ng'ombe, na chini imeandikwa: "Usifanye hivi."

"Huwa tunacheka," alisema.

Picha hiyo ina miaka kumi na mmoja. Mwalimu alimpiga picha, akamshukuru, akavuka uwanja kwenda kufundisha hatari ileile. Kumpa glavu, hapana.

Tuliomba apimwe siku ileile. Ugonjwa ni huo huo, na ulikuwa umeshaula moyo. Alifariki tarehe 2 Aprili, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Juzi mkuu wa idara alikuja nyumbani. Akaniambia kwa upole, "Dada, andikeni tu aliugua kwa muda mfupi. Tusichafuane." Mkuu, miaka minne si muda mfupi, na aliyechafuka ni kaka peke yake. Nilikataa, na wasifu mlioushika mikononi ndio nilioandika.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, mjukuu mmoja na ndugu sita. Ameacha pia wenzake watatu wa zizini, wale pale nyuma waliobeba jeneza. Mmoja wao ameninong'oneza asubuhi hii kwamba naye, tangu mwezi uliopita, homa inakuja na kuondoka.

Kaka apumzike kwa amani. Mwenzake huyo tunampeleka kupimwa kesho.