Ganzi ya Walioiva

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao lililoegemezwa ukutani, kati ya kibanda cha fundi simu na kiwanja cha kunyanyulia vyuma. Vyuma ni jina tu. Ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, moja kila upande wa bomba. Kocha ndiye mwenye vyuma. Bonge ni mlinzi wa duka la mbao, na zamu yake ya mchana huimaliza hapo hapo kwenye benchi. Profesa anashona viatu, na jina amelipata kwa sababu hakuna jambo asilolijua, hasa yale asiyoyajua. Wa nne ni Fundi, mwenye kibanda cha simu, ambaye asubuhi hiyo hakufungua. Alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, akakaa mwisho wa benchi, mkono wa kulia kaulaza mapajani kama mzigo wa mtu alioombwa kuushikilia.

— Haya, wamesemaje? Kocha aliuliza huku akimimina kahawa.

— Mshipa wa fahamu, Fundi alijibu. Huu unaopita kwenye kiwiko. Umebanwa muda mrefu. Vidole hivi viwili, cha pete na cha mwisho, havisikii kitu.

— Si ndiyo ganzi hiyo! Bonge akapiga makofi. Mpeni mtu kahawa, huyu kaiva!

Ndiyo desturi ya pale. Siku mkono wa mnyanyua vyuma unapokufa ganzi kwa mara ya kwanza, wanasema ameiva, chuma kimeingia. Hupigiwa makofi na kumiminiwa kikombe cha kwanza. Neno hilo lililetwa na Kocha, na hakuna aliyewahi kumuuliza kalitoa wapi. Fundi alipigiwa yake miezi minane iliyopita, akatamba mtaa mzima. Kila ganzi ilivyozidi, ndivyo alivyozidisha uzito.

— Sitaki kahawa, Fundi alisema. Jana nimepoteza skrubu tatu. Naishika, najua ninayo, kumbe ipo sakafuni. Skrubu yenyewe haifiki nusu ya punje ya mchele. Nisipoisikia, mimi ni fundi wa nini?

Bonge akakuna kidevu.

— Mchawi wako ni shemeji. Anaulalia mkono. Mimi wangu nilimwambia mapema, kila mtu na mto wake. Angalia mkono wangu, mzima.

— Mzima kwa sababu haujawahi kufanya kazi, Profesa akamkata. Sikilizeni sayansi. Huyu kafungua simu ngapi? Maelfu! Kila simu ina umeme wake. Umeme unaingia kwa kidole gumba, unatafuta pa kutokea. Sasa kidole cha mwisho ndiyo stendi ya mwisho. Abiria wote wamejazana pale, hakuna anayeshuka.

— Dawa yake? Bonge akauliza.

— Usivae viatu. Umeme ushuke ardhini.

— Mshona viatu anakataza viatu! Bonge akacheka hadi kahawa ikammwagikia. Leo tumekwisha. Hapana bwana, huyu kafungua simu ya marehemu. Marehemu anapigiwa huko aliko, anayepokea ni Fundi, kwa kidole.

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka akapaliwa. Leo kila neno lilimchoma.

— Jamani, mnanisikia lakini? Daktari kaniuliza, mbona umekuja leo? Miezi yote hiyo ulikuwa wapi? Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa napigiwa makofi?

Kocha akakohoa, akashusha sauti kama baba anayembembeleza mtoto.

— Hao madaktari hawajawahi kunyanyua hata ndoo. Ganzi ni nyama kutangulia tu, mdogo wangu. Fahamu imebaki nyuma, inakuja kwa miguu. Ukiacha leo, inakwama hapo ilipofika. Wewe ongeza kopo. Inapita yenyewe.

— Kasema nikinyanyua tena, nyama ya kiganja itaanza kuisha. Na haitarudi.

— Inapita, nakwambia. Mimi si nipo?

Na kibaya zaidi, Fundi alitaka kumwamini. Tangu atoke hospitali hakuwa amesikia neno tamu kama hilo. Alijikuta anatazama bomba.

— Samahanini.

Alikuwa mwanamke aliyevaa sare ya kiwandani, simu iliyopasuka kioo mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya kibanda kitambo akimsubiri mwenye kibanda, na yote ameyasikia.

— Huyu kaka anayesema inapita, alimwelekea Kocha. Yako ilipita lini?

Bonge alimgeukia Kocha huku anatabasamu, tayari kwa hadithi. Profesa naye akageuka. Kocha alitazama kahawa yake.

— Yangu?

— Ndiyo. Si na wewe ulishaiva?

— Mimi... mimi nilishazoea.

Tabasamu likamtoka Bonge. Fundi alisogea, akaushika mkono wa kulia wa Kocha, akaugeuza. Kocha hakubisha. Kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali pa nyama, palikuwa na shimo la kutosha harage. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja, havikunjuki. Mkono huo walikuwa wanasalimiana nao kila siku.

— Tangu lini? Fundi aliuliza.

— Huu ni mwaka wa kumi na moja.

— Na ulijua? Siku ile unanipigia makofi, ulijua?

— Na mimi nilipigiwa, mdogo wangu.

Fundi aliuachia ule mkono. Hasira ilimpanda mpaka macho yakalowa. Alitamani kumtukana tusi ambalo lingemkaa miaka mingine kumi na moja, lakini halikuja. Bonge alikuwa anatazama miguu yake.

— Basi kaka, yule mwanamke alisema taratibu, simu nikuachie?

Fundi aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akapitisha kidole cha mwisho cha mkono wa kulia juu ya ufa wa kioo. Akapitisha tena. Kisha akamrudishia.

— Vuka barabara, dada. Pale mbele ya duka la rangi kuna fundi mwingine. Mwambie nimekutuma mimi.