Bi Kipimo na Mtambo wa Tatu wa Makaa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Mipango ya Nishati, mtakwimu wetu mkuu anastaafu. Jina lake limo jaladani. Sisi humwita Bi Kipimo, naye huitika.

Alipoanza kazi, chumba cha takwimu kilikuwa na kiti kimoja kizima, na wakubwa walikikalia kwa zamu. Alikwenda karakana, akaazima nyundo. Kufikia Ijumaa viti vizima vilikuwa vinne.

Kila miaka mitano idara hukadiria umeme utakaohitajika nchini. Desturi ilikuwa kunakili jedwali la zamani na kubadilisha miaka tu. Jedwali lilisema mahitaji huongezeka kwa asilimia nane kila mwaka; kwa hiyo rasimu ya sera ya taifa ikataka mtambo wa tatu wa makaa ya mawe, ambao ungemwaga moshi kwa miaka arobaini katika dunia inayozidi kupata joto.

Bi Kipimo hakuridhika. Kwa miezi saba alizunguka vituo vya umeme akisoma mita mwenyewe, akakuta ongezeko ni asilimia nne. Akaifuatilia ile nane hadi chanzo chake. Ulikuwa mwandiko wake! Aliiandika kwa penseli mwaka wake wa pili kazini, iwe ya muda hadi vipimo vipatikane. Hakuna aliyepima.

Aliieleza kamati kwamba kosa ni lake. Mkurugenzi wa wakati huo alimtania kuwa anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Alijibu kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mdogo wake, fundi wa tanuri katika mtambo wa kwanza, alikuwa ameahidiwa cheo katika huo wa tatu. Alisusa kwenda kwa dada yake miezi mitatu, akilalamika kwamba uji wa wanawe umemwagwa. Bi Kipimo hakurudi nyuma, lakini alikataa kutia sahihi sera mpya, iliyopanga pia kuzima mitambo ya zamani, mpaka iagize kwamba tanuri lolote lisizimwe kabla mafundi wake hawajafundishwa kazi ya jua na upepo. Ziliandikwa rasimu kumi na moja kabla agizo hilo halijaingia.

Mtambo wa tatu haukujengwa. Mdogo wake sasa hutunza mitambo ya upepo, na bado analalamika: ngazi ni ndefu.

Tarehe ya kuzima mtambo wa kwanza imo katika sera. Wapo wanaotaka kuiahirisha. Bi Kipimo, ahsante. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha. Tarehe hiyo tutailinda sisi.