Mwalimu Mukamana na Muziki Usio na Haraka

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Rachelle Mukamana anastaafu, baada ya kufundisha piano katika Shule ya Muziki ya Mtaa wa Arobaini, hapa Columbia Heights, kwa miaka ishirini na mmoja na miezi kumi. Muda wote huo alichelewa mara moja tu, siku basi lilipokwama kwenye theluji, na hata siku hiyo alipiga simu tatu kuomba radhi.

Piano alifundishwa na masista wa parokia mjini Bukavu, kabla ya ukimbizi kumleta Minnesota. Tulimwajiri aipigie piano kwaya ya watoto. Mwaka 2009 akaanzisha darasa la watu wazima: Utangulizi wa Muziki wa Impreshonisti. Wengi wetu hatukujua ni kitu gani. Janvier, fundi bomba, alijiandikisha akaja na brashi na rangi! Mwalimu hakumcheka. Alimweleza kwamba jina lenyewe lilitoka kwa wachoraji wa Ufaransa, waliopenda mwanga na maji kuliko mistari mikali, na kwamba Debussy, ambaye hutajwa wa kwanza katika muziki huu, hakulipenda jina hilo hata kidogo. Janvier alibaki. Leo ana piano sebuleni.

Wanjohi, dereva wa lori, alimkatiza wiki ya kwanza: "Mwalimu, hii haina chorus. Sasa ina-end wapi?"

"Haina haraka," akajibu. "Sikiliza couleur kwanza, rangi ya sauti."

Akabonyeza sauti tano pamoja, akakanyaga pedali, akaziacha zielee bila kuzipeleka kwenye mwisho tuliouzoea. Tangu hapo Wanjohi hakukosa darasa.

Mwaka 2017 darasa lilibaki na watu wanne, na mkurugenzi wetu, Stacy, akatangaza kwamba lingefutwa muhula ukiisha. Mwalimu aliumia; sote tulimwona. Lakini Jumapili iliyofuata alipakia kinanda cha umeme kwenye gari la Wanjohi, wakaenda hadi kanisa moja la Wakongo kule Brooklyn Center. Baada ya ibada aliomba dakika kumi, akawataka watu wafumbe macho, akapiga. Alipomaliza, mama mmoja mzee akasema, "Niliona Ziwa Kivu asubuhi, mbele upepo iamke," yaani kabla upepo haujaamka.

Kanisa likalipuka kwa makofi na vigelegele. Jumatatu simu yangu ya mapokezi haikupumzika. Watu thelathini na mmoja walijiandikisha, na wa thelathini na mbili alikuwa Stacy mwenyewe!

Mwezi uliopita wanafunzi wake, wauguzi, wapishi na madereva, walipiga muziki wa Debussy na Ravel mbele ya watu zaidi ya mia mbili. Viti viliisha, wengine wakasimama ukutani. Mwalimu alikaa safu ya mbele, hakugusa piano hata mara moja. Ukumbi mzima ulipoinuka kushangilia, alipanda jukwaani, akafuta miwani, akasema, "Leo mmenipita."

Septemba darasa linaendelea chini ya Nasima, aliyekuwa mwanafunzi wake, na tayari lina watu arobaini.

Mwalimu, asante kwa kutufungua masikio. Tunakuombea afya njema na siku ndefu za raha. Sasa piga unachotaka, saa unayotaka, na majirani zako wafungue madirisha.

Cyrus, Mapokezi